Ndege Ndani ya Stoo ya Hidaya

Niliacha shule darasa la sita nikaenda kuchomelea vyuma, na kwa miaka thelathini sikuona hasara yake. Mwaka wa 2003 ndipo nilipoiona, tena haikuniangukia mimi. Ilimwangukia Asmaa, binti wa jirani yangu Othman.

Karakana yangu iko Machakos mjini, nyuma ya maduka yaliyo karibu na msikiti. Natengeneza viti vya matatu: fremu, sponji, ngozi bandia, kila kitu. Ukuta wangu mmoja ni ukuta wa Othman pia. Yeye ni fundi wa redio na televisheni, mtu mpole anayezungumza na redio kama daktari na mgonjwa. Mimi huzungumza na chuma kwa nyundo. Tumeelewana miaka mingi.

Asubuhi moja Asmaa aliingia karakanani na kipande cha gazeti. Alikuwa na miaka ishirini, amemaliza kidato cha nne na alama nzuri, na kazi yake ilikuwa kupigia watu barua chapa dukani kwa babake.

"Anko Mutiso, soma hii."

"Soma wewe. Kiingereza cha gazeti hunichosha kabla ya chai."

Akanisomea. Chama fulani cha kina mama wa Nairobi kilikuwa kinamlipia msichana mmoja masomo ya urubani, kuanzia siku ya kwanza mpaka apate leseni. Msichana mmoja tu, nchi nzima. Asmaa alikuwa ameandika barua, akaitwa mahojiano, akapita. Wamebaki kumi. Baada ya wiki sita, hao kumi wangekwenda chuo cha urubani pale Wilson, kila mmoja aketishwe ndani ya mashine inayoiga ndege, aiendeshe kwa dakika ishirini mbele ya rubani mkubwa.

"Hiyo mashine umewahi kuiona?" nikamuuliza.

"Hapana. Lakini wenzangu wamezoea. Kuna mmoja babake ako na ndege."

"Ako na ndege?"

"Ndege yake, Anko. Vile wewe uko na baiskeli."

Nikaweka nyundo chini. Nilijua akikosa nafasi hiyo kilichomngoja ni nini. Alikuwa amepata kazi ya kushona nguo viwandani EPZ, Athi River, aripoti mwanzo wa mwezi utakaofuata mtihani huo. Kushona si kazi mbaya, hata mimi nashona viti. Lakini huyu msichana tangu utotoni, ndege ikipita juu kuelekea Nairobi, alikuwa anasimama katikati ya barabara na kuangalia mpaka ipotee. Ni ajabu hakuwahi kugongwa.

"Unataka nini kwangu?"

"Usukani, pedali na kiti. Programu ya kuruka ninayo, binamu yangu Zaki ameniletea CD kutoka Nairobi. Baba ako na ile kompyuta kuukuu aliyonunua kutoka ofisi moja ya Athi River. Lakini naendesha ndege kwa kibodi, Anko. Ni kama kula ugali kwa sindano."

"Na pesa?"

"Pesa hakuna."

"Hapo sasa umefika kwa fundi wako," nikamwambia.

Mahali pa kuiweka hiyo ndege yetu palikuwa stoo ya Hidaya, mke wa Othman, chumba kidogo nyuma ya duka alimoweka mchele, makaa na masufuria ya harusi. Hidaya ni mtu wa asili ya Pwani, Kiswahili chake kimenyooka, na akikasirika kinanyooka zaidi.

"Bwana Mutiso," akasema, "hiyo ndege itakaa stoo yangu kwa muda gani?"

"Wiki sita, mama."

"Na makaa yangu yatakaa wapi? Angani?"

Makaa yalihamia karakanani kwangu. Mpaka leo sijui ni kwa nini mimi ndiye niliyelipia kuyabeba.

Fremu niliitengeneza kwa vyuma vya mraba vya madawati ya shule yaliyotupwa. Kiti kilikuwa cha Peugeot 504 iliyokufa, nikakivalisha ngozi nyekundu iliyobaki kwenye matatu moja ya Tala, na kwa sababu hiyo ngozi ilikuwa imeandikwa tayari, mgongoni mwa rubani palisomeka POLEPOLE. Usukani nilikata wa Datsun, nikaondoa sehemu ya juu, zikabaki pembe mbili kama za ng'ombe. Usukani wa ndege hauzunguki tu; unauvuta kifuani ndege ipande, unausukuma ishuke. Kwa hiyo nikaingiza bomba ndani ya bomba lingine, nikapaka grisi, nikaweka springi za pikipiki huku na huku ziurudishe katikati. Pedali zilikuwa klachi na breki za pikapu, nikaziunganisha kwa chuma kimoja ili ukikanyaga hii, ile nyingine ije kwako.

Kazi ya Othman ilikuwa kuifanya kompyuta ijue nimevuta au nimesukuma. Zaki alikuwa amempa Asmaa joistiki iliyovunjika, kile kijiti cha kuchezea michezo ya kompyuta. Othman akaifungua, akakuta kwamba ndani yake hamna uchawi wowote: ni vidude vile vile vya kuongezea sauti kwenye redio. Na vidude hivyo Othman alikuwa navyo kopo zima.

Siku ya kwanza tuliwasha, Asmaa akapaa kutoka Wilson, akavuta usukani kidogo. Hakuna kitu. Akavuta zaidi. Hakuna kitu. Akavuta unywele mmoja zaidi, ndege ikasimama wima kama mti wa stima, ikarudi chini kwa mgongo.

"Chuma chako kinakwama," Othman akaniambia.

"Chuma changu hakijawahi kukwama. Hivyo ni vidude vyako vya kopo."

Akafikiri kwa siku mbili, haongei na mtu. Siku ya tatu akaja amevaa kanzu ya Ijumaa na tabasamu. Kidude cha sauti, akanieleza, hakipandi sawasawa. Kimetengenezwa hivyo makusudi kwa ajili ya sikio la binadamu. Mwanzo kinapanda kidogo kidogo, halafu mwishoni kwa ghafla. Kwenye redio kuna kidude kingine, kile cha balansi kinachogawa sauti kati ya spika mbili, na hicho hupanda sawa mwanzo hadi mwisho. Akabadilisha vyote. Ndege ikawa na adabu.

Nilimheshimu sana siku hiyo, ingawa sikumwambia.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilipomaliza fremu nilichomelea kijiti cha mafuta, kile cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, kwenye mkono wa kushoto wa Asmaa. Upande wa kulia nikaweka mlango na kioo, tena mlango mzuri, wenye komeo. Asmaa akakaa, akashika usukani kwa mkono wa kulia na kijiti kwa wa kushoto, akaangalia skrini, akaangalia mikono yake.

"Anko, kwa picha ya kompyuta inaonekana hiki kijiti kiko kulia."

"Hiyo programu ilitengenezwa wapi?"

"Amerika."

"Na Amerika dereva anakaa upande gani wa gari?"

"Kushoto."

"Basi. Gia iko kulia kwake. Hapa Kenya dereva anakaa kulia, gia iko kushoto. Ukileta gari la usukani wa kushoto wanakusumbua bandarini mpaka ujute. Unafikiri ndege ndio wataachilia?"

Othman akatikisa kichwa kukubali. Hata Hidaya, aliyekuwa mlangoni akitafuta sufuria, akasema, "Hapo Bwana Mutiso amesema kweli." Kwa hiyo tulikuwa watu wazima watatu tunaokubaliana, na msichana mmoja aliyekuwa sahihi.

Aliuliza tena baada ya siku chache. Nikamwambia mimi nimetengeneza viti vya dereva tangu kabla hajazaliwa. Mara ya tatu aliuliza kwa sauti ndogo, nami nikajifanya natafuta spana.

Lakini zilikuwa wiki tamu, sitadanganya. Asmaa alianza kuruka asubuhi kabla ya kufungua duka na jioni kabla ya magharibi, na saa za katikati stima ikiwepo. Alivaa hedfoni za Walkman juu ya hijabu. Alikuwa na daftari la hatua za kufuata, akizisoma kwa sauti kama anaongea na mtu: mafuta yako, breki ziko, geji ziko. Watu wakasikia. Wakaanza kuja. Hidaya akaanza kuwauzia chai na kaimati, na ghafla ile stoo haikuwa na shida tena.

Muindi, anayeuza viatu vya mtumba mbele ya karakana yangu, alitaka kuona boma lake kutoka juu.

"Nipeleke Masinga," akamwambia Asmaa. "Pitia juu ya bwawa, halafu ushike kulia. Utaona mabati mapya."

Asmaa akampeleka. Walifika mahali ambapo Machakos ilipaswa kuwa, chini kukawa na udongo wa rangi ya kahawia tu, hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna barabara.

"Mji uko wapi?" Muindi akauliza.

"Hawakuuweka," Asmaa akasema.

"Hawakuweka Machakos?"

"Waliweka Nairobi na Mombasa."

Muindi akainama karibu na skrini. "Na bwawa?"

"Hakuna."

"Mabati yangu mapya," akasema Muindi, akatoka nje ameudhika kabisa, kana kwamba tumemwezulia sisi.

Hivyo habari ilivyosambaa ndivyo ilivyomfikia Kang'ethe. Kang'ethe alikuwa makanika wa ndege pale Wilson na nyumba yake ilikuwa Katelembo, hapa jirani na mji wetu. Aliposikia kwamba Machakos kuna ndege ndani ya stoo, hakungoja kualikwa. Alikuja Jumamosi saa nne, siku mbili kabla ya mtihani. Asmaa alikuwa ametoka kwenda kupiga picha za pasipoti na Othman alikuwa na mteja mwenye televisheni. Nilimpokea mimi.

Akaizunguka. Akavuta usukani, akausukuma, akachungulia chini akaona springi, akacheka kwa furaha.

"Hii kazi ni safi. Nani amechomelea?"

"Mimi."

"Kule kwetu Wilson ungeandikwa kesho." Akakaa ndani. Akafunga mlango wangu na komeo. Akaweka mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto kwenye kijiti, akatulia. "Lakini mbona mwanafunzi mmemuweka kiti cha mwalimu?"

"Kiti cha nini?"

"Cha mwalimu. Rubani anakaa kushoto. Kulia anakaa mwalimu, ama msaidizi."

"Hata Kenya?"

"Hata mwezini, mzee."

Nilisikia masikio yangu yakiwa moto. Nikamwuliza tena, pengine ndege ndogo ni tofauti. Akasema ndogo, kubwa, zote. Mwanafunzi hukaa kushoto, usukani kwa mkono wa kushoto na mafuta kwa wa kulia. Asmaa alikuwa amefundisha mikono yake kinyume kwa wiki tano. Mwalimu wangu alikuwa matatu, basi nami nikamfanya dereva wa matatu.

Nikamnunulia Kang'ethe soda. Niseme ukweli, nilimnunulia ili anyamaze. Nilimwambia msichana ana mtihani Jumatatu, kwa nini tumsumbue roho. Akanitazama kupitia chupa, akasema, "Ni msichana wako, si wangu," akaenda zake.

Nikakaa kwenye kile kiti chekundu. Nilifikiria mambo mawili. La kwanza, nisiposema, atakwenda pale atie mkono kushoto atafute mafuta ashike mlango, na hatajua ni kwa nini. La pili, nikisema, itabidi niseme ni mimi. Ni aibu kuandika ni lipi lililokuwa zito zaidi kwa muda wa kama robo saa.

Asmaa aliporudi na picha zake alinikuta bado nimekaa humo.

"Anko, unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Ita baba yako."

Othman akaja na bisibisi mkononi. Hidaya akaja kwa sababu aliona sura yangu.

"Nimekosea," nikasema. "Rubani anakaa kushoto. Kenya pia. Kijiti kilitakiwa kuwa kulia, kama ulivyosema."

Maji ya chai yalikuwa yanachemka huko nje.

"Nilikuambia," Asmaa akasema.

"Uliniambia."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Tatu, Anko."

"Tatu."

Macho yake yakajaa, akayapangusa kwa nguvu na upande wa kiganja kama anafuta jasho. Othman aliweka bisibisi mfukoni, akaitoa, akaiweka tena. Halafu yule mtu mpole akalipuka.

"Kata! Leta mashine yako ukate hicho kijiti sasa hivi, ukichomelee huku! Kuna leo na kesho!"

"Nakata," nikasema, na nilikuwa tayari nimesimama. Kukata ni jambo ninaloliweza. Nilitaka sana kukata kitu.

Niliporudi na grainda nilimkuta Asmaa amekaa ndani ya ndege, amefunga mlango na komeo.

"Toka, mwanangu, cheche zitakuchoma."

"Sitoki. Nikitoka mtakata."

"Ndiyo, tutakata!" Othman akasema.

"Baba, sikia. Mikono yangu imezoea hivi wiki tano. Mkikata leo, Jumatatu sitakuwa nimezoea kulia na nitakuwa nimeharibu kushoto. Nitaenda pale sina mkono." Akanigeukia. "Huyo mtu amesema upande wa kulia anakaa nani?"

"Mwalimu."

"Na mbele ya mwalimu kuna usukani?"

"Amesema upo. Kila kitu kiko pande zote mbili, kijiti cha mafuta tu ndicho kimoja, katikati. Wote wanakitumia."

"Kwa hiyo mwalimu anakishika na mkono wa kushoto."

"Lazima."

"Basi nitaomba nikae hapo."

"Uombe kiti cha mwalimu?" Hidaya akasema. "Siku ya mtihani? Mbele ya watu? Asmaa, una adabu wewe?"

"Mama, nitaomba kwa adabu."

"Wakikataa?" nikauliza.

"Nitaanguka. Lakini nisipoomba nitaanguka pia." Akavaa hedfoni zake. "Sasa mniache. Niko na ndege ya saa sita kwenda Mombasa."

Tukatoka nje. Othman hakunisemesha mpaka jioni, na hata jioni alisema tu kwamba makaa yake yalikuwa yanapungua haraka kule kwangu. Nilikubali. Siku hiyo ningekubali hata kwamba nimeiba msikiti.

Jumatatu nilivaa koti la kanisani nikaenda nao. Asmaa hakunikataza. Pale chuoni tuliketishwa kwenye benchi refu kwenye veranda, wasichana kumi na wazazi wao. Yule wa baba mwenye ndege alikuwepo, mtoto mwenye heshima kabisa. Alitusogelea akamwuliza Asmaa kama amewahi kuruka.

"Nimeruka sana," Asmaa akasema. "Stoo."

Mlango wa chumba cha mashine waliuacha wazi kwa sababu ya joto. Ndani niliona kitu cheupe kama nusu ya gari dogo, viti viwili, skrini mbele. Rubani mtahini alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Kapteni Wamuyu, mfupi, mwenye sauti ya mtu asiyerudia. Msichana mmoja aliingia, akatoka. Wa pili, wa tatu. Hakuna aliyetoka akicheka.

Asmaa alikuwa wa sita.

"Kaa," tulisikia Kapteni akisema.

"Madam, kabla sijakaa, niko na shida moja."

Othman akashika goti langu. Sijui kama alijua ni langu.

"Shida gani?"

"Nimejifunzia kwa ndege tuliyotengeneza nyumbani. Iliwekwa mafuta upande wa kushoto. Kwa hivyo najua kuruka nikiwa nimekaa kulia tu. Naomba nikae kulia."

Msichana mmoja pale benchi akacheka kidogo, mamake akamfinya.

"Hicho ni kiti changu."

"Najua, Madam. Naomba tubadilishane."

"Ndege mliyotengeneza. Mliyotengeneza nani?"

"Baba alitengeneza stima. Vyuma ni fundi wa viti vya matatu."

"Na huyo fundi yuko Machakos?"

"Yuko hapo nje, amevaa koti la kijani."

Kapteni akatoka mlangoni. Aliangalia benchi lote na hakuhangaika kunitafuta. "Mzee, ni wewe?"

Nikasimama. "Ni mimi."

"Kwa nini uliweka kulia?"

Ningeweza kueleza habari ya Amerika na bandari. Nikaona itakuwa ndefu. "Kwa sababu sijui ndege, na nilijifanya najua. Yeye aliniambia mara tatu nimekosea, nikamnyamazisha. Ukimkata alama, ujue unamkata kwa kosa langu."

Alinitazama kidogo. Sikuweza kusoma uso wake hata kidogo, na mimi husoma nyuso za makanga wa matatu kila siku.

"Sitamkata alama kwa kosa la mtu mwingine," akasema. "Wala sitampa. Dakika kumi kulia, dakika kumi kushoto. Kaa chini, mzee."

Akaingia. Tukasikia viti vikibadilishwa. Halafu injini ikanguruma, sauti ile ile ya stoo, ila nzito zaidi, na Asmaa akianza kusoma hatua zake: mafuta yako, breki ziko, geji ziko. Injini ikapanda, ikashikilia, ikatulia. Dakika kumi sikusikia kitu cha kunitisha. Sauti ilishuka taratibu, magurudumu yakalia kidogo, basi. Othman akaachilia goti langu.

"Sasa huku," akasema Kapteni.

Upande wa kushoto ilikuwa hadithi nyingine. Injini ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, kama mtu anayejifunza klachi kwenye mlima. Nilijua bila kuona kwamba anapotaka kuvuta usukani anavuta mafuta. Halafu ukaja mlio mkali na injini ikanyamaza. Nafikiri wote pale benchi tulijua maana yake.

"Nimeanguka," Asmaa akasema ndani, sauti imenyooka.

"Nimeona. Zimebaki dakika sita."

"Naweza kuanza tena?"

"Sijakuambia uache."

Injini ikawaka. Safari hii alikuwa akijisemea kwa sauti, si hatua tena, alikuwa anajiambia mkono: kulia mafuta, kushoto usukani, kulia mafuta, kushoto usukani. Injini iliyumba, lakini haikuwa kama mwanzo. Ilikaa juu. Kisha ikaanza kushuka, ikasita, ikashuka. Magurudumu yakagonga, yakaruka, yakagonga tena kwa kishindo kilichonifanya nifumbe macho. Lakini mlio ule mkali haukuja.

Alitoka hijabu yake imelowa kwenye paji la uso.

"Mara moja nimeanguka," akatuambia. "Mara ya pili nimeshuka. Kama gunia, lakini nimeshuka."

Walisema watapiga simu Ijumaa.

Sitaki kueleza wiki hiyo. Niliharibu viti viwili. Asmaa alikwenda Athi River Jumatano akapimwa nguo za kazi, akarudi na karatasi ya zamu. Mwezi ulikuwa unaanza Jumatatu.

Ijumaa Othman alirudi kutoka msikitini akakuta simu yake inaita juu ya meza ya redio. Aliiangalia kama inauma. Asmaa ndiye aliyeichukua. Sisi wengine tulisimama tu: Othman na kanzu yake, Hidaya na unga mikononi, mimi nimeegemea ukuta, na Muindi aliyeingia kwa kisingizio cha kuomba chumvi.

"Ndiyo, Madam," akasema Asmaa. "Ndiyo." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Ndiyo, Madam. Nashukuru, Madam." Akasikiliza tena. "Lini? ... Wiki tatu. Ndiyo. Nitakuja."

Akaweka simu chini.

"Sema!" Hidaya akapiga kelele.

"Wamenichukua."

Hidaya alimkumbatia na unga wote. Othman akakaa chini kwenye kigoda, akafunika uso. Muindi akaanza kunipongeza mimi, sijui kwa nini, nikamwambia aache ujinga.

"Amesema nini hasa?" nikamuuliza Asmaa alipoachiliwa.

"Amesema kuna wawili walinishinda kwa kuruka. Lakini amesema wao waliingia wakijua na wakatoka wakijua kile kile. Mimi aliniona nikijifunza dakika sita mbele ya macho yake. Amesema chuo ni cha watu wa kujifunza." Akapangusa unga shavuni. "Tunaanza baada ya wiki tatu, na siku ya kwanza nakaa kushoto. Hakuna kubadilishana kiti."

"Chai kwanza," Othman akasema, bado amefunika uso. "Leo hakuna kazi. Kaeni, tunywe chai."

Asmaa alikuwa tayari anaelekea stoo.

"Chai baadaye, Baba. Anko, leta grainda."

Nikaileta. Nilikata kijiti kutoka kushoto kwa pumzi moja, cheche zikaruka mpaka kwenye gunia la mchele, Hidaya akaja mbio akilivuta na kunieleza, kwa Kiswahili kilichonyooka sana, mimi ni mtu wa aina gani. Niling'oa pia ule mlango wenye komeo. Asmaa alikaa kwenye kiti akanyoosha mkono wa kulia hewani, akasogeza, akasogeza tena.

"Hapa," akasema. "Shika hapa, usisogeze."

"Una uhakika?"

"Niko na uhakika."

Nikachomelea pale pale aliponionyesha.